Ruta Yenye Antena Sita

Mtu wa faiba alikuwa ameshatoboa ukuta, ameshapitisha uzi wake mwembamba kutoka kwenye nguzo ya barabarani mpaka ndani, na ameshabandika kisanduku cha kupokelea kwenye ujia, karibu na mlango wa chumba cha kulala, ndipo Fundi Mawimbi alipomwambia airudishe ruta yake mkobani.

"Mzee, hii ndiyo inayokuja na laini," mtu wa faiba alisema. Ilikuwa ruta ndogo nyeupe, haina antena hata moja, ukiitazama utadhani kopo la sabuni. "Unalipia kidogo kila mwezi, ikiharibika tunakuletea nyingine."

"Yaani naikodi."

"Tuseme hivyo."

"Mimi sikodi kifaa, bwana. Tangu nijue kushika bisibisi sijakodi kifaa cha mtu. Ruta nitaitafuta mwenyewe."

Hapo ndipo mke wa fundi alipopaswa kufungua mdomo. Alikuwa amesimama karibu yao na glasi ya maji aliyomletea mgeni, na maneno yalikuwa yamemjaa kinywani: iache, ndugu yangu, tutalipia. Maana mtandao ule haukuwa wa kuangalia mpira wala wa kupigia soga. Kampuni ya maji ilikuwa imemchukua kwa majaribio ya mwezi mmoja, ajibu simu za wateja akiwa nyumbani, kwa sababu ya sauti yake tulivu, na sharti lao la kwanza lilikuwa mtandao usiokatika. Akivuka mwezi angepata mkataba, na mkataba ulikuja na bima ya matibabu inayombeba pia mzazi anayeishi ndani ya nyumba. Mzazi mwenyewe alikuwa mama mkwe wake, aliyekuwa ameketi sebuleni wakati ule ule akisikiliza kelele za drili bila kumwona anayeishika. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Daktari alisema upasuaji wake si kazi kubwa, kilicho kikubwa ni gharama, ila wasikae sana.

Lakini mke wa fundi aliyameza maneno yake. Kibanda cha mumewe kilikuwa kimejaa redio ambazo wenyewe walishazisahau. Siku hizi televisheni ya mtu ikizima, anaitupa na kununua nyingine. Mtaani bado walimwita Fundi Mawimbi, lakini kwa mazoea tu, kama mtu anavyoendelea kuitwa mwalimu miaka mingi baada ya kuacha chaki. Ruta hii ilikuwa kazi ya kwanza ya maana kupita mbele yake kwa muda mrefu, tena ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mke wake angemnyang'anyaje?

"Fundi anajua," alimwambia mtu wa faiba, akajitahidi kutabasamu. Yule mtu alinywa maji yake, akafunga mkoba, akaenda zake.

*

Fundi Mawimbi aliitafuta ruta kama mtu anayetafuta mchumba. Alishinda kwenye maduka ya vifaa vya umeme, akaingia hili akatoka lile, akainua, akapima uzito, akagonga kwa kucha na kusikiliza. Wauzaji walipomweleza kuhusu kasi aliwasikiliza kwa heshima, lakini moyoni alikuwa akihesabu antena. Mtu aliyeishi kwa redio maisha yake yote angehesabu nini kingine? Mwishowe aliangukia mikononi mwa muuzaji wa vitu vilivyokwisha kutumika, mjanja mmoja aliyemtazama mara moja tu akajua mahali pa kumkuna, akaanza kumwita injinia.

Alirudi nyumbani ameikumbatia. Ilikuwa nyeusi, pana kama sinia, na antena sita zimesimama juu yake. Aliifungua palepale mezani, akaipangusa ndani kwa mswaki uliochovywa spiriti, akalehemu mguu wa antena moja uliokuwa unacheza. Mama yake aliomba aishike. Vidole vyake vilipanda polepole mpaka kwenye ncha za antena.

"Hii si ina pembe," alisema.

"Tena sita, mama. Ile ya kampuni ilikuwa kipara."

Walicheka wote watatu, na mke wa fundi alicheka kwa furaha ya kweli. Ilikuwa zamani sana tangu ainuse harufu ya risasi ya kulehemu ndani ya nyumba ile, na mumewe akiwa na mikono iliyochafuka alikuwa anapendeza.

Ubishi ulikuja kwenye mahali pa kuiweka. Mkewe alidhani ingekaa kwenye ujia, kando ya kisanduku, hatua chache kutoka kwenye meza yake ya kazi chumbani. Fundi alimwangalia kama mtu aliyesema jiko likae kitandani. Redio haiwekwi uchochoroni ikakamata kitu, alisema. Hii ingekaa dirishani sebuleni, juu, mahali penye hewa, na antena tatu zielekee kule mlimani penye mnara wa simu ili zisaidiane na mnara.

"Lakini mtandao si umeletwa na waya?" mkewe aliuliza.

"Umeletwa na waya, unatoka kwa antena. Niachie mimi, bibie."

Waya wa kutoka kwenye kisanduku haukufika dirishani, kwa hiyo aliukata na kuuunga na kipande kingine alichokuwa nacho kibandani. Alisokota nyaya kwa vidole, akazifunga tepu nyeusi, akavuta pande zote mbili kwa nguvu kuonyesha kwamba haziachani. Ndani ya waya mlikuwa na nyaya nyembamba nyingi kuliko alizozoea kwenye simu za mezani, naye akaunga nne, kama alivyounga siku zote, nyingine akazikunja zisilete fujo. Kisha, kwa kuwa waya ulikatiza mlango wa sebule na mama yake anatembea kwa kupapasa, aliuficha chini ya mkeka wa mlangoni asije akajikwaa. Alikuwa mtoto mwema kwa mama yake, hilo hakuna aliyeweza kumnyima.

*

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Mke wa fundi alijifungia chumbani kila asubuhi, kabati mgongoni, hedifoni masikioni, akawajibu watu waliokatiwa maji, waliopasukiwa bomba, waliopelekewa bili ya nyumba ya jirani. Walimtukana kabla hajasema lolote, naye akawatuliza mmoja mmoja. Alikuwa anaijua kazi hiyo tangu zamani. Amekaa na wanaume wenye hasira na wakwe wenye huzuni nusu ya umri wake, sasa alikuwa analipwa kwa hilo.

Kisha simu zikaanza kukatika. Baba mmoja alikuwa akimweleza kwamba mkewe ametoka kujifungua na nyumbani hamna tone la maji. Mke wa fundi alikuwa ameshaanza kuandika, mara sauti ikapotea.

"Haloo? Haloo, baba, upo?"

Alibaki akiongea na ukuta. Mtandao ulirudi baada ya muda mfupi kama vile haukuwa umekwenda popote, lakini baba yule alishaangukia kwa mhudumu mwingine na huko alisema amekatiwa simu makusudi na mwanamke asiye na utu. Msimamizi alimpigia. Alikuwa mwanamke ambaye mke wa fundi hakuwahi kumwona sura, mwenye sauti isiyopanda wala kushuka. Alisema anamwandikia onyo.

Hali ikawa hiyo. Laini inakaa vizuri asubuhi nzima, halafu inakatika mara tatu kabla ya chakula. Mke wa fundi alijaribu kuona kinachosababisha akashindwa, maana alikuwa amejifungia chumbani na mlango umesindikwa ili kelele za nyumba zisisikike kwa wateja. Alichojua ni kwamba kila akimkaribia mtu, kila mtu akianza kumwamini, anampotea.

Mumewe alipoambiwa hakukasirika. Hilo lingekuwa nafuu. Alichangamka. Aligeuza antena moja moja, akazivisha karatasi ya alumini, akapandisha ruta juu zaidi kwa kuisimamisha kwenye kasha, akaondoa pazia. Kisha aliwapigia kampuni ya faiba akiwa nje, akawafokea hadi majirani wakachungulia. Aliporudi ndani alisema ni wababaishaji watupu, laini yao ni mbovu tangu kwenye nguzo. Alilisema hilo akiwa ameinamia viatu vyake. Mkewe alikutambua kule kuinama, kwa kuwa ndiyo sura aliyokuwa akiwavalia wateja wa redio zilizomshinda, lakini hakumbana. Alikuwa amemaliza hasira zote za kubana mtu kwenye simu za watu wengine.

Ng'ambo ya ngazi za ghorofa yao alikaa nesi, naye alikuwa na ile ruta nyeupe ya kukodi. Kwake mtandao haukukatika hata mvua ikinyesha. Nesi alimwambia aje afanyie kazi kwake, mchana nyumba ni tupu, na asubuhi moja mke wa fundi alibeba laptopu yake ndani ya khanga kama mtu anayeiba. Alifanya kazi nusu siku kwenye meza ya jikoni ya jirani bila simu kukatika hata moja. Alikuwa katikati ya maelezo ya mteja alipoinua macho akamwona mumewe amesimama mlangoni.

Hakupaza sauti. Alisubiri amalize simu, tena akamsubiri kwa adabu.

"Mke wa Fundi Mawimbi," alisema, "anakwenda kuomba mtandao kwa jirani."

"Ni kazi tu, Fundi. Ni mpaka tu..."

"Watu wananiona. Unajua nimeambiwa na nani kwamba uko huku? Muuza mkaa. Ameniuliza kama kwangu umeme umekatwa."

Alikusanya vitu vyake akarudi kwake. Njia ilikuwa fupi, ngazi tu, lakini aliiona ndefu, kwa vile mumewe alitembea mbele amebeba laptopu kifuani na hakugeuka nyuma. Mchana ule simu zilikatika tena, na msimamizi akamwandikia onyo la pili.

*

La tatu lilikuja kwa mdomo. Msimamizi alimwambia kwamba kwa sauti na subira yake angekuwa miongoni mwa wahudumu bora, na kwamba yeye binafsi amejaribu kumtetea, lakini wateja hawajui sauti nzuri iliyokatika katikati. Kisha aliuliza swali ambalo mke wa fundi hakuwa amejiandaa nalo.

"Kwani dada, nani alikufungia huo mtandao? Ni watu wa kampuni?"

Mke wa fundi aliutazama mlango uliosindikwa.

"Hapana. Ni fundi mmoja wa mtaani tu."

"Anajua kazi?"

"Hajui," alisema. Neno lilitoka jepesi kuliko alivyotegemea, na baada yake aliona aibu imempanda mpaka masikioni. "Alijitia anajua. Mimi ndiyo nilikosea kumruhusu."

Msimamizi alimwambia awaite kampuni kesho asubuhi, wamfungie ruta yao. Saa sita mchana aingie kwenye kipimo cha laini. Kipimo kikikamilika bila kukatika, atamaliza mwezi wake na mkataba wake upo. Kisipokamilika, asimlaumu mtu.

Alivua hedifoni, akawapigia watu wa faiba kwa sauti ya chini, akapanga nao. Alipofungua mlango alimkuta mama mkwe wake amekaa kwenye ujia juu ya kigoda, mikono mapajani, uso umeelekea ukutani.

"Nimesikia," bibi alisema.

"Mama, mimi sikuwa na maana ya..."

"Fundi wa mtaani."

Mke wa fundi alichuchumaa mbele yake. Alitaka kumshika mikono, akasita. "Ningesema nini, mama? Ningewaambia ni mume wangu, halafu wamcheke yeye?"

Bibi aligeuza uso upande wa sauti yake. Macho yake yalikuwa na ule weupe wa maji ya mchele, na hakuyapepesa. "Achana na kazi hiyo, mwanangu," alisema. "Usimletee mtu mwingine ndani kuja kufumua kazi yake. Atakwisha. Macho yangu mimi yameshaona vya kutosha, sina ninachokitafuta. Nikijua mlango uko wapi na choo kiko wapi, inatosha."

"Kesho watakuja, mama. Yeye atakuwa kibandani, hatajua."

"Atajua," bibi alisema. "Lakini si mimi nitakayemwambia."

*

Mke wa fundi aliamka mapema, akafagia, akapangusa kisanduku cha ukutani kama vile mgeni anakuja kukikagua usafi. Mumewe alitoka na mkoba wake wa vifaa. Asubuhi ikakatika. Kila alipochungulia dirishani aliona barabara, watu, pikipiki, hakumwona mtu wa faiba. Alipopiga simu kampuni, aliyepokea alimwambia kwamba fundi wao alishafika kitambo akaambiwa nyumba hiyo haina tatizo.

"Ameambiwa na nani?"

"Anasema na mzee mmoja hapo chini, mwenye mkoba wa vifaa. Sasa yuko kwa wateja wengine. Labda mchana."

Alishuka ngazi akiwa hajavaa hata ndala. Mumewe alikuwa ameketi chini ya ngazi, hakwenda kibandani, mkoba kati ya magoti yake.

"Umemfukuza," mkewe alisema.

"Sikumfukuza. Nimemkuta hapa akitaka kupanda, nikamwambia hatuna tatizo. Tungekuwa na tatizo ningelijua."

"Nimepewa mpaka saa sita, Fundi. Saa sita ya leo. Nikishindwa, ndiyo basi."

Alimwona akilipokea neno lile taratibu, uso ukimshuka. "Ungeniambia," alisema.

"Ningekuambia ungefanya nini?"

Fundi aliinuka akapanda ngazi mbiombio, na mkewe nyuma yake, na kwa muda mfupi alipata tumaini la kijinga kwamba labda mumewe anajua kitu, labda alikuwa amekificha siku zote. Fundi alitoa koleo na bisibisi akaenda moja kwa moja dirishani, kwenye antena.

Saa sita ilimkuta chumbani, hedifoni masikioni. Kipimo kilikuwa mstari wa kijani unaotambaa kwenye skrini kutoka kushoto kwenda kulia, na kilichotakiwa kwake ni kukaa tu autazame. Sebuleni mumewe alikuwa juu ya kiti, ameishika ruta kwa mikono yote miwili kama anayeshikilia bomba lisimwage, akiuliza kwa sauti kila baada ya muda, vipi, vipi sasa. Mkewe alimjibu, inakwenda, usiiguse. Mstari ulipita nusu. Ukaendelea. Mama mkwe, aliyekuwa sebuleni kwenye kiti chake, aliwasikia wakipigiana kelele hivyo, akaona yuko katikati yao, kizuizi. Aliinuka asiwasumbue. Alipapasa ukuta mpaka mlangoni, akakanyaga mkeka, akasimama hapo kidogo kutafuta mwelekeo.

Mstari wa kijani ulisimama. Ukageuka mwekundu.

Mke wa fundi hakupiga kelele. Alimpigia msimamizi kwa simu ya mkononi, akamweleza yote kwa mara ya kwanza bila kuficha, kwamba fundi wa kampuni alifika akarudishwa mlangoni, kwamba anarudi mchana huu huu, kwamba aongezewe siku moja tu. Alisikia sauti yake mwenyewe ikibembeleza, ile ile aliyowasikia nayo wateja, na akajua inavyosikika upande wa pili. Msimamizi alisema atazungumza na wakubwa, hawezi kuahidi.

*

Mtu wa faiba alirudi jua likiwa limeinama, yule yule wa siku ya kwanza. Alimsalimia fundi kana kwamba asubuhi haikuwapo, na kwa hilo mke wa fundi alimshukuru kimoyomoyo. Alichomeka kipimo chake kwenye kisanduku cha ukutani, akasema mpaka hapa laini ni safi.

"Na si nilikwambia kwenye simu, mzee?" aliongeza. "Siku ile uliyotupigia. Nilikwambia kutoka kwenye nguzo mpaka kisandukuni hakuna tatizo, liko kutoka kisandukuni kwenda kwenu."

Mke wa fundi alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa ameinamia viatu vyake.

Mtu wa faiba aliufuata waya kwa mkono, kwenye ujia, kwenye kona, mpaka mlangoni. Aliufunua mkeka. Aliyabandua maungio kwa kucha, akaigeuzageuza ile tepu nyeusi iliyokanyagwa ikawa bapa.

"Nani aliyeunga hivi?"

Aliendelea mwenyewe, akihesabu kwa kidole.

"Waya huu una nyaya nane, zimesokotwa mbili mbili, haziungwi kwa kusokota kwa mkono. Ukinunua mrefu, umenunua mrefu. Hapa zimeungwa nne, na zimelegea. Tazama." Aliyabonyeza maungio kwa kidole cha mguu, polepole, na kule dirishani taa za ruta yenye antena sita zikazimika. Aliinua mguu, zikawaka. Alibonyeza tena. "Mtu akikanyaga hapa tu, mtandao umekufa. Hiyo ruta nayo ni ya zamani, tundu lake la kuchomekea waya ni la kasi ndogo, faiba mmeilipia bure. Lakini hata ingekuwa mpya, kwa maungio haya isingesaidia."

"Ni hapo mlangoni?" bibi aliuliza kutoka kwenye kigoda chake. "Chini ya mkeka?"

"Ndiyo, bibi."

"Mimi ndiye ninayepita hapo." Aliinyoosha miguu yake mbele, akaielekezea macho kama vile angeweza kuiona. "Nikienda juani, nikirudi. Nikienda chooni. Na leo saa sita nilisimama hapo. Kumbe ni mimi niliyekuwa nikimkatia simu."

Mke wa fundi alisubiri. Alimpa mumewe nafasi yote aliyoweza kumpa. Alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi, hapana mama, ni mimi, na mkewe alijua moyoni kwamba akilisema hilo atamsamehe, atamsamehe ruta na uongo wa simu na mtu aliyefukuzwa asubuhi, na aibu ya kwa jirani pia.

"Waya wa siku hizi," Fundi Mawimbi alisema, "hautengenezwi imara."

Mtu wa faiba alikohoa. Alisema bibi asijali, asiyeona angejuaje, na kwamba siku nyingine wasiruhusu matapeli kuingia ndani na kuunga ovyo. Bibi akasema ndiyo, mwanangu, tumekosea. Kisha yule mtu akautoa waya wote, akafunga ile ruta nyeupe kando ya kisanduku, hatua chache kutoka chumbani, kazi iliyochukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Fundi alimshikia bisibisi. Hakuna aliyemwomba, alimshikia tu, na alipoambiwa asante mzee aliitikia kwa kichwa.

Mgeni alipoondoka, mke wa fundi aliingia chumbani akafungua laptopu. Mtandao ulifunguka papo hapo, picha zikajaa kabla hajaondoa kidole. Aliandika jina lake la kazini na neno lake la siri. Akaandika tena, polepole, akidhani amekosea. Maandishi yaliyokuja yalikuwa na adabu. Yalisema kipindi chake cha majaribio kimefungwa, wanamtakia kila la heri.

Alikaa akiyatazama. Hakulia. Aliona tu uchovu, ule wa mtu aliyebeba mzigo mbali akaambiwa amekosea mji.

Mumewe alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa bado na bisibisi ya yule mtu wa faiba, aliyosahau kuirudisha.

"Inakamata?" aliuliza.

"Inakamata," alisema mkewe. Akaigeuza laptopu ili asome mwenyewe.

Fundi alisoma. Midomo yake ilitembea na maneno, kama ilivyotembea alipokuwa akisoma maandishi madogo nyuma ya redio, ikafika mwisho, ikarudi mwanzo. Hakuinamia viatu vyake safari hii. Alibaki akiitazama skrini iliyowaka, na mtandao ukiwa na nguvu zake zote.

Huko kwenye ujia kigoda kililia. Bibi alikuwa amesikia neno moja tu, inakamata, na sauti yake ilipokuja ilikuwa ndogo, ya haya, sauti ambayo mke wa fundi hakuwahi kumsikia nayo tangu aingie katika nyumba ile.

"Basi kama iko sawa," bibi aliuliza, "tutakwenda lini kwa yule daktari?"

Fundi Mawimbi aligeuka akamtazama mkewe. Alikuwa akimwangalia hivyo kila mara mteja mkorofi alipokuja nyumbani kudai redio yake, na kila mara mkewe alitoka akaongea kwa sauti yake tulivu mpaka mteja akaondoka.

Mke wa fundi aliifunga laptopu.

"Mjibu mama yako," alimwambia.